Jibu la mtaalamu: Tuwazuie wafanyakazi wetu kutumia LinkedIn, au tuwalazimishe?

Swali la msomaji: "Mimi ni afisa rasilimali watu katika kampuni ya Mwanza yenye wafanyakazi wapatao 80, wengi wao mafundi na wahandisi wa mitambo ya ubaridi. Wateja wetu ni viwanda vya samaki, hospitali na maduka makubwa. Mkurugenzi anataka tuwapige marufuku wafanyakazi kuwa na akaunti LinkedIn, ule mtandao wa kijamii wa mambo ya kazi na taaluma, kwa sababu wawili waliondoka mwaka jana baada ya kufuatwa huko na washindani wetu. Meneja masoko anataka kinyume chake: kila mfanyakazi awe na akaunti na asambaze kila chapisho la kampuni. Mimi nimeagizwa kuandika mwongozo. Nimsikilize nani, na nifanyeje kwa mafundi ambao hawataki kabisa mambo hayo?"

Ndugu msomaji, nashukuru kwa kunieleza kampuni yenu inafanya kazi gani, kwa sababu jibu la swali hili hutegemea aina ya kazi kuliko ukubwa wa kampuni. Nikuambie mapema kwamba sikubaliani na mkurugenzi wako wala na meneja masoko, na sababu ni ile ile kwa wote wawili: kila mmoja anaichukulia akaunti ya mfanyakazi kama kifaa cha kampuni, mmoja akitaka kifungiwe stoo na mwingine akitaka kiwe kipaza sauti. Akaunti hiyo ni ya mfanyakazi. Kampuni hufaidika nayo pale tu ambapo mfanyakazi mwenyewe anayaona manufaa yake katika kazi anayoifanya kila siku, na mwongozo utakaouandika hauna budi kusimama juu ya jambo hilo.

Tuangalie kwanza mtandao wa namna hii unaleta nini hasa. LinkedIn ilifunguliwa kwa umma Mei 2003, ikanunuliwa na Microsoft mwaka 2016 kwa dola za Marekani bilioni 26.2, na tangu mwishoni mwa mwaka 2023 ina wanachama zaidi ya bilioni moja. Ukubwa huo haumsaidii fundi wa Mwanza kwa lolote. Kinachomsaidia ni watu thelathini au hamsini wanaofanya kazi inayokaribiana na yake katika maeneo ambayo yeye hafiki, watu ambao vinginevyo asingewafahamu, au angefahamiana nao katika semina moja kisha akawasahau.

Jambo hili lilichunguzwa zamani kabla ya kuwapo intaneti. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya mahojiano yake na watu wa kada za kitaalamu, kiufundi na kimeneja katika mji wa Newton, pembezoni mwa Boston, waliokuwa wamebadili kazi karibuni. Wale waliopata habari za kazi kupitia mtu fulani aliwauliza walikuwa wakionana naye mara ngapi wakati huo. Ni asilimia 16.7 tu waliosema walionana naye mara kwa mara, asilimia 55.6 walisema mara moja moja, na asilimia 27.8 walisema kwa nadra, yaani mara moja kwa mwaka au hata chini ya hapo. Sababu yake inaeleweka bila hesabu nyingi. Watu wako wa karibu, mnaokula pamoja mchana na kukaa katika kundi moja la WhatsApp, wanayajua yale yale unayoyajua wewe. Habari mpya hutoka kwa mtu anayezunguka kwingine.

Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliolipima wazo hilo ndani ya LinkedIn yenyewe, kwa majaribio yaliyohusisha watumiaji zaidi ya milioni 20 katika kipindi cha miaka mitano. Watafiti walitumia mabadiliko katika orodha ya watu ambao mfumo humpendekezea mtumiaji aungane nao, wakafuatilia ni uhusiano wa aina gani uliomfikisha mtu kwenye kazi mpya. Waliosaidia zaidi hawakuwa marafiki wa karibu, wala hawakuwa wageni kabisa, bali watu wa katikati, ambao mtu ana marafiki kadhaa wa pamoja nao lakini hawasiliani nao sana. Ndani ya utafiti huo mna jambo jingine ambalo wauzaji wa mafunzo ya LinkedIn hawana haraka ya kulitaja, na kwako wewe ndilo zito zaidi: uhusiano hafifu ulisaidia katika sekta zinazotegemea sana teknolojia ya kidijitali, ilhali katika sekta zisizoitegemea sana, uhusiano wa karibu ndio uliosaidia. Kampuni ya kufunga na kukarabati vyumba baridi iko zaidi katika upande huo wa pili. Meneja wa kiwanda humwamini fundi aliyemwona akikesha na kompresa iliyogoma, si fundi aliyemsoma. Kwa hiyo usiwaahidi wakubwa wako kwamba LinkedIn itachukua nafasi ya ziara, simu na sifa inayotoka kwa mteja kwenda kwa mteja. Waahidi kidogo zaidi: kwamba sifa hiyo inaweza kufika Musoma, Kisumu au Jinja kabla ya gari lenu.

Habari inayopita katika mtandao, hata hivyo, si ya ajira peke yake, ingawa ajira ndiyo iliyopimwa zaidi na ndiyo inayomtia hofu mkurugenzi wako. Katika kazi yenu kuna habari za spea inayopatikana Dar es Salaam wakati wakala wenu wa kawaida amesema isubiriwe kutoka nje. Kuna habari za hitilafu ambayo fundi wa kiwanda kingine alihangaika nayo mwezi uliopita. Kuna habari kwamba hospitali fulani inajenga bohari mpya ya dawa na itahitaji ubaridi wa kudumu. Tahadhari moja tu hapa: zabuni za taasisi za umma Tanzania Bara hupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, na hakuna chapisho la LinkedIn litakalowapa alama ndani yake. Mtandao unaweza kuwasaidia kujua mapema na kujiandaa vizuri, basi.

Mfano unaonishawishi kuliko mingine yote ni wa mafundi kama wenu, na hauhusu LinkedIn hata kidogo. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Julian Orr, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha kampuni ya Xerox, alifuatana na mafundi wa mashine za fotokopi walipokuwa wakizunguka kwa wateja. Aliona kwamba hitilafu ngumu hazikutatuliwa na vitabu vya maelekezo, ambavyo vilieleza matatizo yaliyokwisha kutarajiwa na wahandisi, bali zilitatuliwa na visa ambavyo mafundi walisimuliana wakati wa chakula: mashine fulani ilifanya hivi, tukadhani ni kile, kumbe ni hiki. Kikao cha chai, ambacho meneja yeyote angekiona kuwa ni upotezaji wa muda, kilikuwa ndicho karakana ya maarifa ya kampuni. Katika miaka ya 1990 Xerox ikajenga mfumo ulioitwa Eureka, ambamo fundi aliandika dokezo la utatuzi, mafundi wenzake wakalihakiki, kisha likawafikia wengine likiwa na jina la aliyeliandika. Ninasisitiza jina hilo, kwa sababu fundi anayeheshimika miongoni mwa mafundi wenzake hupata kitu ambacho mshahara haumpi, na kampuni nayo hubaki na maarifa ambayo yangeondoka siku anapostaafu.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni kwamba mwanzie ndani. Bila shaka mafundi wenu wana kundi la WhatsApp, na bila shaka humo mna picha za mabomba yaliyoganda, sauti za kompresa na maswali ya saa nne usiku. Huo tayari ni mtandao wa kitaaluma, tena ulio hai kuliko wowote mtakaoununua. Upungufu wake ni kwamba jibu lililotolewa Machi halipatikani tena Septemba. Mpeni fundi mmoja mwenye uzoefu saa chache kila wiki, zihesabiwe kuwa za kazi, akusanye majibu yaliyothibitika na kuyaweka katika faili moja linalotafutika, kila jibu na jina la aliyelitoa. Baada ya miezi kadhaa mtakuwa na mambo mawili: hazina ya utatuzi wa hitilafu, na orodha ya watu wenye jambo la kusema hadharani. Hao wa orodha ya pili ndio wa kuwatia moyo waende LinkedIn.

Wakishaingia huko, wasaidieni kuandika wasifu unaosema kitu. Nimesoma wasifu nyingi za Waafrika Mashariki zinazoanza kwa maneno kama "mchapakazi mwenye ari, anayejituma na kuweza kufanya kazi katika shinikizo", na kila mara hujiuliza ni nani angejieleza kwa kinyume chake. Fundi aandike kazi yenyewe: vyumba baridi vya samaki vya nyuzijoto 18 chini ya sifuri, mitambo ya amonia, friji za chanjo zinazotakiwa kubaki kati ya nyuzijoto 2 na 8, miaka aliyofanya kazi hiyo, cheti cha VETA na daraja lake. Mhandisi ataje usajili wake wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi na kazi alizosimamia, kwa kiasi ambacho mteja anaridhia kutajwa. Mtu anayetafuta huduma huandika jina la mtambo au la tatizo katika kisanduku cha kutafutia, hatafuti "mchapakazi".

Kuhusu machapisho, fundi asiyejua aandike nini aanze na swali ambalo wateja humuuliza kila wiki. Nikupe mfano ulio ndani ya kazi yenu. Viwanda na hospitali nyingi bado zina mitambo inayotumia gesi ya kupozea ya R22, ambayo chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, inaondolewa hatua kwa hatua. Kwa nchi zinazoendelea matumizi ya kundi la gesi ambamo R22 imo yalitakiwa kuwa yamepunguzwa kwa asilimia 67.5 kufikia mwaka 2025, na kukoma mwaka 2030 isipokuwa kiasi kidogo cha ukarabati kitakachoruhusiwa hadi 2040. Mwenye kiwanda anayejua ratiba hiyo atataka kuuliza mambo mengi: je, mtambo wangu unaweza kubadilishiwa gesi, ni vipi kuhusu mafuta ya kompresa, itanigharimu nini kusubiri? Fundi akieleza hayo katika aya tatu, kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake, amejijengea jina yeye, na bila kuitaja kampuni zaidi ya mara moja ameiletea simu za wateja. Wala asione haya kuandika kwa Kiswahili, kwa kuwa meneja wa kiwanda na fundi wa hospitali wanakielewa vizuri. Kiingereza kitumike pale anapotaka kusomwa na wauzaji wa vifaa wa nje au na wateja wasiotumia Kiswahili.

Sasa nirudi kwa hofu ya mkurugenzi, ambayo si ya kipuuzi. Wafanyakazi wanaoonekana hufuatwa, na baadhi yao wataondoka. Asiyekubali hilo hapaswi kuandika mwongozo. Ila marufuku haiwafichi. Washindani wenu wa Mwanza wanawajua mafundi wenu wazuri kwa majina na kwa namba za simu, kwa kuwa wanakutana nao katika viwanda vile vile. Anayefichika kwa marufuku ni yule ambaye mteja wa mbali angemtafuta. Tena katika mipangilio ya LinkedIn mtu anaweza kuonyesha kwamba yuko tayari kwa kazi nyingine kwa namna inayoonekana na watafutaji wa wafanyakazi tu, nao mfumo hujitahidi kuwaficha walio katika kampuni yake mwenyewe, japo LinkedIn haitoi hakikisho kamili la usiri huo. Kwa hiyo hata mkurugenzi akipita kurasa za watu wake kila asubuhi hataona anachokitafuta. Kama wawili waliondoka, waulizeni kwa upole waliondoka kwa nini. Nadhani jibu litahusu mshahara, posho za safari au kupandishwa daraja, na hayo yanarekebishwa kwingine.

Upande mwingine wa jambo hilo husahaulika. Mfanyakazi aliyeondoka vizuri mara nyingi huenda kwa mteja au kwa msambazaji, na huko huwa ndiye mtu anayeijua kampuni yenu kuliko wote. Kampuni ya ushauri ya McKinsey imejenga mpango mzima wa kudumisha uhusiano na waliowahi kuwa wafanyakazi wake, nayo haifanyi hivyo kwa hisani tu. Ninyi hamhitaji mpango mkubwa. Inatosha kwamba anayeondoka aagwe kwa heshima, abaki ameunganishwa na wenzake, na apigiwe simu mara moja moja. Huyo ndiye "mtu wa katikati" niliyemtaja hapo juu.

Kwa meneja masoko nina maneno machache, kwa sababu kosa lake linaonekana kwa macho. Wafanyakazi 80 wakisambaza chapisho moja lenye maneno yale yale ya "tuna furaha kubwa kuwajulisha", msomaji hutambua mara moja kwamba wameamriwa, na kuanzia hapo hata chapisho lao la kweli litatiliwa shaka. Kuna pia madhara ya ndani: mfanyakazi aliyelazimishwa kuisifu kampuni katika ukurasa wenye jina lake na picha yake ameingiliwa katika kitu chake binafsi. Ukurasa rasmi wa kampuni upo kwa ajili ya matangazo ya kampuni, na meneja masoko autumie huo. Ajue tu kwamba ukurasa wa kampuni katika LinkedIn hauna nenosiri lake wenyewe, bali husimamiwa kupitia akaunti za watu binafsi. Kwa hiyo wasimamizi wenye mamlaka kamili wawe angalau wawili, ili mmoja akiondoka ghafla ukurasa usibaki yatima.

Nimesema akaunti ni ya mfanyakazi, na hapo mkurugenzi atakuuliza kuhusu wateja waliomo ndani yake. Mahakama za nchi nyingine zimekwisha kulishughulikia swali hilo. Mwaka 2011 kampuni moja ya mafunzo ya kibenki huko Pennsylvania, Marekani, ilimwachisha kazi mmoja wa waanzilishi wake, ikaingia katika akaunti yake ya LinkedIn kwa nenosiri ambalo wenzake walikuwa nalo, ikalibadilisha, kisha ikaweka jina na picha ya kiongozi mpya huku tuzo na sifa za mwenye akaunti zikibaki pale pale. Machi 2013 mahakama ya shirikisho iliona kwamba kampuni ilitumia jina lake isivyo halali, ingawa hakupewa fidia kwa kuwa hakuthibitisha hasara aliyoipata. Dai la kampuni kwamba akaunti ni mali yake halikufaulu: masharti ya LinkedIn yalimtambua mtumiaji kuwa ndiye mwenye akaunti, na kampuni haikuwa na sera iliyowataka wafanyakazi wawe na akaunti hizo wala haikuzilipia. Kwa upande mwingine, mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Uingereza ilimwamuru aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya kutafutia watu ajira aonyeshe mawasiliano ya kibiashara aliyoyapakia LinkedIn akiwa bado kazini, kwa kuwa kampuni ilishuku kwamba ameondoka na taarifa zake za siri.

Hukumu hizo haziifungi mahakama yoyote ya Tanzania, lakini mantiki yake inatosha kukuongoza. Mwongozo utamke kwamba akaunti binafsi ni ya mfanyakazi na kwamba hakuna kiongozi anayeruhusiwa kudai nenosiri lake. Halafu utamke kwamba jina la mteja, mtambo wake, tarehe za matengenezo na bei aliyopewa huandikwa katika rejista ya kampuni siku hiyo hiyo. Kampuni ambayo orodha ya wateja wake iko katika simu ya mtu mmoja ina tatizo ambalo halikuletwa na LinkedIn.

Mambo ya kutoyaweka hadharani yaandikwe kwa uwazi na yawe machache, la sivyo hakuna atakayeyakumbuka. Bei za zabuni na masharti ya mikataba yasitajwe. Picha za ndani ya kiwanda cha mteja zisichapishwe bila ruhusa yake ya maandishi, kwa kuwa picha ya chumba baridi inaweza kuonyesha shehena, nembo ya mnunuzi wa ng'ambo au kasoro ya usafi ambayo mteja asingependa mkaguzi aione LinkedIn kabla ya kuirekebisha. Katika hospitali uangalifu uzidi: mgonjwa, jina la mgonjwa au karatasi yenye taarifa zake visionekane hata kwa mbali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaihusu kampuni yenu moja kwa moja, na inagusa pia picha na majina ya wafanyakazi mnayotaka kuyaweka katika ukurasa wa kampuni. Wakiombwa ridhaa, wawe na nafasi ya kweli ya kukataa. Mkifanya kazi upande wa Kenya, mjue kwamba huko kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Neno moja kuhusu adhabu. Kanuni za Ajira na Mahusiano Kazini kuhusu utendaji bora, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007, zinapima uhalali wa kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu kwa kuuliza, pamoja na mengine, kama kanuni aliyoivunja ilikuwa ya haki, ilieleweka, aliijua na ilitumika kwa wote sawasawa. Marufuku ya jumla aitakayo mkurugenzi itakuwa na wakati mgumu mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), hasa ikiwa mameneja wenyewe wana akaunti. Mwongozo wenye makatazo manne yanayoeleweka, uliosomwa kikaoni na kusainiwa, utasimama.

Hatari ambayo kwa maoni yangu inastahili kumsumbua mkurugenzi kuliko kunyang'anywa mafundi ni ulaghai. Mwaka 2022 fedha za kidijitali zenye thamani ya dola milioni 620, kwa hesabu ya FBI, ziliibwa katika mtandao uliotumiwa na mchezo wa Axie Infinity, na taarifa zilizochapishwa baadaye mwaka huo zilieleza kwamba mlango ulifunguliwa na mhandisi aliyefuatwa kupitia LinkedIn kwa ahadi ya kazi isiyokuwapo, akafungua faili lenye barua ya ajira. Kwa kampuni yenu shambulio litakuja kwa sura ndogo zaidi: mtu anayejiita wakala wa kompresa anamtumia mhasibu ankara yenye akaunti mpya ya benki, baada ya kusoma LinkedIn ni nani anayeshughulikia malipo. Badiliko lolote la akaunti ya msambazaji lithibitishwe kwa kupiga simu kwa namba iliyokwishakuwa katika rejista yenu. Wafanyakazi pia watumie nenosiri la LinkedIn ambalo hawalitumii kwingine na wawashe uthibitisho wa hatua mbili. Mwaka 2016 ilibainika kwamba taarifa za kuingilia za akaunti zipatazo milioni 117 za mtandao huo, zilizoibwa mwaka 2012, zilikuwa zikiuzwa. Na yeyote anayemdai mwombaji ada ili apewe kazi ni tapeli, hata akiwa na nembo nzuri kiasi gani.

Utaulizwa pia mtajuaje kama jambo hili linazaa matunda. Msihesabu alama za kupendwa. Nyingi hutoka kwa wafanyakazi wenzao na ndugu zao. Wekeni katika fomu ya mteja mpya swali la jinsi alivyowafahamu na alimsikia nani, na mwaka mmoja baadaye someni majibu. Angalieni nafasi za kazi mlizotangaza zilijazwa na watu waliokuja kwa njia gani na walidumu muda gani. Angalieni kama hitilafu zinazojirudia zinatatuliwa haraka zaidi tangu mlipoanza kukusanya madokezo ya mafundi. Kipimo hiki cha tatu kitawafikia mapema kuliko vile viwili, na ndicho ningekitumia kumshawishi mkurugenzi asiyependa mitandao.

Imebaki sehemu ya mwisho ya swali lako, ya mafundi wasiotaka. Waacheni. Fundi wa miaka hamsini na tano anayejulikana kandokando ya ziwa kwa mikono yake hana haja ya wasifu, na kumlazimisha ni kumdhalilisha mbele ya vijana. Anachoweza kuombwa, kwa saa za kazi, ni kukaa na fundi kijana anayependa kuandika, amsimulie kisa cha mtambo uliomsumbua, na kijana akiandike na kutaja kwamba utatuzi ni wa mzee huyo, ikiwa mzee mwenyewe ameridhia. Wanaotaka kushiriki wasigharimie wenyewe: kama mnataka wajibu maswali ya wateja mtandaoni, bando liwemo katika posho zao, na kazi hiyo isifanywe usiku nyumbani. Anzeni na watu watano au sita kutoka katika ile orodha ya madokezo, mmoja wao akiwa mhandisi na mmoja akiwa wa bohari ya spea, kwa sababu huyo wa bohari huzungumza na wasambazaji wengi kuliko mkurugenzi mwenyewe. Mwongozo wako usizidi kurasa mbili, na rasimu yake waonyeshe hao watano au sita kabla ya kuipeleka kwa menejimenti.